Fundi wa Sikio na Pikipiki Isiyonguruma

RISALA YA KIKUNDI CHA MAONYESHO YA VYOMBO VYA UMEME, KIBAHA NA KISARAWE, KWA MKUU WA CHUO CHA UFUNDI MWANGA WA PWANI. IMESOMWA MAILI MOJA.

Mgeni rasmi, Mhandisi Marselina Anselmi, Mwenyekiti wetu Bi Mwanaasha, viongozi wa mtaa, wazee wetu, wenye vibanda mliokubali kupunguza muziki, na ndugu zetu waendesha bodaboda mliokuja kutucheka: assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakukaribisha Maili Moja kwa mikono miwili. Tulipanga kukupokea kule barabara kuu kwa gari letu la umeme. Gari lenyewe ni hilo hapo nyuma yako. Halina chaji. Zulia jekundu ulilokanyaga wakati unaingia hatukulitandika kwa heshima peke yake. Limefunika waya tuliouazima saluni ya jirani. Tafadhali usilisogeze, kuna mteja yuko kwenye draya.

Kabla hatujaenda mbali, tukuombe radhi kwa jambo moja. Risala hii inasomwa na Katibu wetu, Fundi Shabani Mwinyimadi, lakini si yeye aliyeiandika. Aliandika ya kwake. Ilikuwa ya kurasa mbili, ikaomba hema, viti hamsini na spika, ikaishia hapo. Tulipoisoma tukatazamana. Bi Mwanaasha, ambaye ni mwalimu mstaafu, akaandika nyingine, tukaipitisha kikaoni kwa kura kumi dhidi ya moja. Hiyo moja huna haja ya kuuliza ni ya nani. Kwa hiyo kila utakaposikia jina la Shabani, ujue ni huyu huyu aliyesimama mbele yako, anayetazama karatasi kana kwamba inamdai. Amepewa masharti: asiruke mstari, asilainishe neno, asijitie kukohoa. Bi Mwanaasha amekaa kushoto kwake na nakala yake mkononi.

Na tunalisema mapema, usije ukakaa hapo unasubiri tuombe hema. Hatuombi hema. Tuna ombi moja tu: Fundi Shabani apokelewe kwenye kozi yako ya wiki kumi ya ufundi wa vyombo vya umeme, ile inayoanza Jumatatu. Masharti tunayajua. Umri usizidi miaka thelathini na mitano. Yeye ana hamsini na miwili. Awe na cheti cha kidato cha nne. Yeye aliishia la saba, na hilo la saba mwenyewe anasema mwalimu alimwonea huruma. Tunajua. Tuvumilie hivyo hivyo tukueleze imekuwaje.

HISTORIA YA KIKUNDI

Miaka miwili iliyopita walikuja watu wa kampuni moja kutoka Dar na pikipiki mbili za umeme na gari moja dogo. Walitaka wenyeji wa kuvizungusha kwenye magulio, mabonanza, mikutano ya vijiji na harusi, wananchi wavione, wavishike, wavipande. Wakauliza, hapa nani anaaminika na watu wa bodaboda? Maili Moja nzima ikanyoosha kidole kwenye gereji ya Shabani.

Mgeni rasmi, huenda humjui. Kuanzia hapa hadi Mlandizi, pikipiki ikiugua inaletwa kwake. Hagusi kitu. Anamwambia mwenye nayo, "Iwashe, halafu nyamaza." Anafumba macho, anainamisha kichwa, anasikiliza. Kisha anasema, "Klachi." Au anasema, "Cheni imelegea, na juzi ulimwazima shemeji yako." Na anapatia, hata hilo la shemeji. Miaka thelathini amekula kwa sikio hilo, amesomesha kwa sikio hilo, na ndilo lililomjengea nyumba Pangani.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemkabidhi chombo kisichotoa sauti.

Siku ya kwanza tulikuwa gulioni Kisarawe. Watu walifurika. Shabani alivaa ovaroli jipya, limepigwa pasi mpaka likasimama. Akazungusha ufunguo. Taa ikawaka, basi. Akasubiri. Akamwambia Zuwena, mwanachama wetu anayeuza chapati, "Iwashe."

"Imeshawaka, kaka."

"Haijawaka."

"Taa si hiyo?"

"Taa ni taa, Zuwena. Mimi injini sijaisikia."

Akapiga magoti, akabandika sikio kwenye betri. Gulio zima likanyamaza ili kumsaidia. Hata wauza kuku waliwashika kuku midomo. Baada ya dakika nzima akainuka, akajikung'uta vumbi, akashika kipaza sauti: "Ndugu wananchi, hii imekufa."

Akafanya kosa ambalo mtu asiyejua ufundi asingeliweza hata kidogo. Akaifungua. Alitandika kanga ya Zuwena chini, akapanga nati moja moja kwa ukubwa, huku wazee wa Kisarawe wakimpa ushauri kwa zamu. Saa mbili zikapita. Akairudishia yote, zikabaki nati tatu, akatangaza kwamba hizo ni za akiba kutoka kiwandani. Akajaribu tena. Haikwenda. Zuwena, ambaye shida yake ilikuwa kanga tu, akainama aivute, na wakati wa kuivuta akakunja stendi ya pembeni iliyokuwa inaikanyaga. Kisha akapanda, akagusa mkono wa mafuta usio na mafuta. Pikipiki ikaondoka naye mpaka kwenye meza ya nyanya.

Kumbe chombo kile stendi ikiwa chini hakiendi, kwa usalama wa dereva. Iliandikwa kwenye kijitabu, ukurasa wa kwanza, na picha juu yake. Kijitabu tulikuwa tumefungia chapati.

Tangu siku ile Kisarawe hawatuiti kwa jina letu la usajili. Wanatuita Kimya Kimya, na sisi tumeliandika mgongoni mwa fulana, maana tungefanyaje?

MAFANIKIO

Sehemu hii ni fupi.

Tumeshiriki matukio kumi na saba ya jamii. Tumefika mpaka Maneromango, na wanaoijua ile barabara wataelewa kwa nini kufika tu tunakuhesabu. Kule tulipeleka pikipiki zote mbili kwenye siku ya kijiji. Umeme ukakatika asubuhi. Tukaazima jenereta la mtu wa muziki, tukaliweka nyuma ya turubai, tukachomeka chaja. Shabani akasimama mbele ya wananchi kuwaeleza kuwa chombo hiki hakina kelele, hakina moshi, hakijui petroli. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu ya jenereta. Nusu yao hawakumwona pia, kwa sababu ya moshi wake. Alipofika kwenye neno petroli, jenereta likazimika kwa kukosa petroli, tukamtuma mtu wa bodaboda ya kawaida akatununulie. Yule bwana alirudi na dumu lake, akalikabidhi mbele ya umati kwa mikono miwili na kuinama kidogo, kama anakabidhi kombe. Hiyo picha iko kwenye simu za watu wengi sana.

Tumeshiriki pia harusi moja, na hatujaalikwa nyingine. Ilikuwa Pangani, hapa hapa Kibaha. Bibi harusi, Firdausi, alishaingizwa kiti cha nyuma na mtandio wake. Bwana harusi alikuwa bado anapigwa picha, matarumbeta yanapasha. Shabani ndiye dereva. Akafanya wanachofanya mafundi wote kabla ya safari: akakanyaga kidogo ili injini ichangamke. Gari likaondoka. Halikunguruma, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyegeuka. Shabani akadhani yule bwana ameshapanda nyuma, na kwa adabu hakutaka kuwageukia maharusi. Na Firdausi, Mgeni rasmi, alikuwa amefundwa vizuri. Bibi harusi hazungumzi njiani, anatazama chini. Basi alitazama chini mpaka ukumbini, Maili Moja, peke yake, bila mume. Alipofunguliwa mlango ndipo alipouliza kwa sauti ndogo, "Baba, mwenzangu yuko wapi?" Wakati huo Pangani walishapiga simu polisi kwamba bibi harusi ameibwa.

Mafanikio ya mwisho ndiyo yenye uzito. Pamoja na vituko vyote hivyo, watu tisa wamenunua pikipiki za umeme baada ya kutuona. Zuwena ni mmoja wao. Siku hizi chapati zake zinafika Tumbi za moto. Hatukuamini. Watu walitucheka weee, kisha wakaenda wakanunua.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, katika kila tukio kulikuwa na swali moja ambalo wananchi hawakuliacha: je, ikiharibika? Na katika kila tukio sisi tulikuwa na jibu. Tulilisema gulioni, tukalisema Maneromango, tukalisema hata kwenye ile harusi kabla ya mambo kuharibika. Tulisema, msiwe na wasiwasi, fundi yupo, ni Shabani wa Maili Moja. Watu wakapumua. Jina la Shabani linatosha.

Tulikuwa tunasema uongo. Fundi wa umeme hakuwepo. Alikuwepo Shabani, ambaye ni kitu kingine. Na yeye alikuwa amesimama pembeni anatusikia tukimpamba, akicheka kidogo, asiseme kitu. Hatumtupii lawama peke yake. Sisi ndio tuliokuwa na kipaza sauti.

Basi zile pikipiki tisa zilipoanza kuugua, zikaletwa gereji. Moja inakata katikati ya safari. Nyingine inakataa chaji. Wenyewe wanaiegesha, wanakaa kwenye benchi, wanasubiri afumbe macho. Na yeye anafumba, anainamisha kichwa, kwa sababu watu wanamtazama. Zuwena aliwahi kumkuta hivyo, amepiga magoti mbele ya pikipiki iliyozimwa, mteja ameshaondoka, na bado sikio liko kwenye betri. Akamuuliza, "Kaka, unasikia nini?" Akajibu, "Nasikia moyo wangu tu."

Kuna mtu mmoja wa kampuni anayekuja kutoka Dar, lakini huja akipata nafasi, na kwa mwenye familia siku mbili bila pikipiki ni siku mbili bila mboga. Kwa hiyo Shabani anajifunza kwa njia anayoijua. Anafungua.

Wiki tatu zilizopita alifungua betri. Spana ikagusa ncha mbili kwa pamoja. Walioshuhudia wanasema ulipiga mwanga mmoja wa kuchomelea, spana ikang'ang'ania pale pale, na Shabani akarushwa mpaka kwenye matairi. Ile bandeji unayoiona mkono wa kulia si ya jipu, kama alivyomwambia dereva wako. Ngozi ya kiganja ilitoka. Tumeuliza kwa wanaojua, wakatuambia ile ilikuwa betri ya pikipiki. Ya gari ingekuwa habari ya msiba.

Mkewe, Bi Mwanamvua, alifika mbio akamkuta amekaa juu ya ndoo, mkono umo kwenye beseni la maji.

"Ni kamoto kadogo," Shabani akasema.

"Baba Raudha, zile za mafuta zilikuwa zinanguruma kabla ya kukuuma. Hizi zinauma kimya. Unataka nikuzike kwa ajili ya pikipiki ya mtu?"

"Watu wanategemea, mama."

"Waambie hujui!"

Mgeni rasmi, wewe ni mhandisi lakini huenda hujafanya kazi gereji ya mtaani. Pale fundi akitamka kwamba hajui, benchi linahama siku hiyo hiyo. Vijana wanamwita mzee, wanamwamkia vizuri sana, na hawaleti tena kitu. Miaka thelathini Shabani alikuwa anajua. Kisha tukaja sisi na maonyesho yetu, tukamgeuza mwanafunzi asiye na shule.

Jumatatu iliyofuata alimwomba Zuwena ampeleke chuoni kwako. Hakutuambia sisi wengine. Zuwena alimsubiri getini. Shabani alivaa lile ovaroli la maonyesho, akaingia ndani, akakaa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akatoka na fomu ameikunja mara nne.

"Wamesemaje?" Zuwena akamuuliza.

"Nilikuja kusalimia tu."

"Kusalimia nani?"

"Endesha, Zuwena."

Hatuna kinyongo na binti wa mapokezi, ambaye baadaye alitusimulia mwenyewe. Alimpa kiti, akamwamkia, akamwonyesha tangazo ukutani, akamwekea kidole kwenye mstari wa umri. Alifanya kazi yake. Ila kesho yake asubuhi Zuwena alimkuta Shabani amefungua betri nyingine, kwa mkono wa kushoto.

Tunaogopa, Mgeni rasmi. Tumekuchekesha kwa sababu ndivyo tulivyo, lakini tunaogopa kweli kweli. Huyu mtu hataacha. Ameshatoa neno lake kwa watu tisa, au tuseme tulimtolea sisi, na yeye si wa kurudisha mteja.

OMBI

Tunaomba mumpokee. Cheti hatukitaki, tukikipata tutafungia chapati. Mwandikisheni kama msikilizaji, na kazi ya kusikiliza anaiweza. Akae nyuma ya darasa. Kiti atakuja nacho. Wanafunzi wako wakimwita babu, ameshazoea. Tunakuonya mapema kuwa atauliza sana, atashika kila kitu, na siku ya kwanza atakuwa ameinamisha kichwa juu ya mashine zako kama anaisikiliza redio ya mbali. Mvumilieni. Kwa upande wake anaweza kuwafundisha vijana wako injini za mafuta, ambazo bado ziko nyingi barabarani, na atafanya hivyo bila kudai chochote, maana hajui kukaa bure.

Gereji haitafungwa. Asubuhi wanachama tutapokezana benchi, na kila atakayeleta pikipiki ya umeme tutamwambia ukweli: fundi yuko shule. Tumejaribu kulitamka hilo neno sisi kwa sisi. Haliui.

Bi Mwanaasha anasema mtu mzima haombewi na wenzake peke yao. Kwa hiyo jana tulimkabidhi Shabani karatasi hizi, na hapa chini tukaacha mistari mitano wazi, aijaze mwenyewe. Alichoandika hatujakisoma. Hatujui hata kama ameandika. Akiwa ameiacha wazi, atapita moja kwa moja kwenye dua, na hatutamlaumu.

*Mimi naitwa Shabani Mwinyimadi. Nilikuja chuoni kwako kuomba nafasi, nikaona haya, nikasema nimekuja kusalimia. Vyombo hivi mimi sivijui. Wenye pikipiki tisa mko hapa, na nyinyi nawaambia: sivijui. Naomba nifundishwe.*

DUA

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akujalie afya na akurudishe nyumbani salama, kwa gari la aina yoyote ile. Awalinde wanao, awape wanafunzi wako akili na wewe subira. Awaweke waliotucheka na walionunua. Na mikono yote inayoshika isichokijua, aiepushe na shari mpaka itakapofundishwa.

Ni sisi, ambao Jumatatu asubuhi tutakuwa getini kwako tumesimama, jibu lolote utakalotupa,

KIKUNDI CHA MAONYESHO YA VYOMBO VYA UMEME, KIBAHA NA KISARAWE
(KIMYA KIMYA)